Anti, rafiki yangu hajachangia hata mia ya safari ya Sauti za Busara na mimi ndo nashika hela

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 27, nakaa Majengo hapa Moshi, nina kaduka ka vipodozi kule karibu na soko la Mbuyuni. Naomba unishauri maana nimeshaongea na watu kadhaa kila mtu anasema lake na muda unazidi kwenda.

Iko hivi Anti, tuko wadada watano tuliosoma pamoja, tangu tuko fomu foo tulikuwa tunasema ipo siku tutaenda Zanzibar kwenye lile tamasha la muziki la Sauti za Busara, tukawa tunasema tu kila mwaka, mara huyu ana mtoto mchanga mara huyu kabadilisha kazi. Mwaka huu tukaamua, Februari inayokuja tunaenda potelea mbali. Tukafungua grupu la wasap, tukapiga hesabu ya basi mpaka Dar, boti, nyumba ya kulala, tiketi ya tamasha na hela ya kula, tukaona kila mtu akiwa na laki nne anaenda na kurudi bila kukopa. Kwahiyo tukakubaliana kila mtu atoe elfu hamsini kila mwezi kuanzia Juni mpaka Januari, wakanichagua mimi nishike hela eti kwa sababu nina duka najua hesabu. Hela zinaingia kwenye M-Pesa yangu naandika kwenye daftari.

Watatu wanatoa vizuri, na mimi natoa. Huyu wa tano sasa, ndo rafiki yangu haswaa, tumekaa dawati moja miaka minne na mama yake ananiita mwanangu, hajatoa hata mia. Ana saluni mtaa wa Pasua hapahapa Moshi. Juni akasema amelipia pango la saluni, Julai akasema drayer imeungua, kuanzia hapo ananiandikia tu "we weka jina langu mama, Desemba nalipa zote kwa mkupuo". Nimeweka. Kwenye daftari jina lake lipo na mstari wake mtupu mpaka leo.

Tatizo limekuja juzi. Tumepata nyumba Zanzibar ya vyumba viwili na jiko, bei nzuri, mwenye nyumba anataka nusu ya hela kabla Novemba haijaisha la sivyo anawapa watu wengine. Nikamwambia rafiki yangu, akanipigia usiku anasema nimlipie mimi, nitoe kwenye hela ya duka, atanirudishia tukitoka Zanzibar. Hela ya duka niliyonayo Anti ni ya kwenda kuchukua mzigo wa Krismasi Kariakoo, na Krismasi ndo nauza kuliko mwezi wowote. Nikikataa naona kama namtenga, nikikubali naogopa. Wenzetu kwenye grupu wameanza kuuliza "vipi wote wameshatoa?" nimesoma sijajibu.

Halafu juu ya hapo mwingine anataka kuja na mchumba wake alale nasi kwenye ile nyumba, wawili wameshanuna.

La mwisho, najua Sauti za Busara umeenda miaka kadhaa, naomba utuelekeze na safari yenyewe. Wengine wanataka basi la asubuhi tulale Dar, wengine basi la usiku tushukie kwenye boti moja kwa moja. Na mimi sijawahi kupanda boti, bahari naiogopa kweli.

Mwenye Daftari, Majengo.


Marahaba mwanangu,

Hela ya Kariakoo usiiguse. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Moshi yote inajua Desemba ilivyo, watu wanapanda kutoka Dar na kila kona kuja kula sikukuu nyumbani, barabara za Marangu na Kibosho magari hayapiti, na kila dada anataka mafuta, wigi, lipustiki na manukato kabla hajapanda kwa wakwe. Duka la vipodozi lenye shelfu tupu wiki ile limepoteza mwaka. Hata kama huyo rafiki yako angekuwa mwaminifu kuliko watu wote, akakurudishia kila senti Machi, mauzo ya Desemba hayarudi Machi.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili la laki nne, maana naona hapa ndo mmejifunga wenyewe. Mmeichukulia kama furushi moja, kwamba mtu analo lote au hana kabisa. Hebu lifungue. Basi kila mtu anakata siti yake. Boti kila mtu ana tiketi yake yenye jina lake. Kuingia kwenye tamasha kila mtu na tiketi yake, kula kila mtu na tumbo lake. Kitu cha pamoja hapo ni kimoja tu, nyumba. Na nyumba ya vyumba viwili bei ni ileile mkilala wanne mkilala watano. Kwahiyo kinachodaiwa mwezi huu sio laki nne za rafiki yako, ni fungu lake kwenye nusu ya nyumba, na hilo mkigawana nyinyi wanne mliotoa ni kahela kadogo tu kila mtu, tena kapo tayari kwenye mchango. Waambie wenzako hivi: nyumba tunailipia kwa hesabu ya watu wanne, atakayeongezeka atatoa fungu lake na tutarudishiana. Hakuna aliyemkopesha mtu, hakuna aliyefukuzwa, na nyumba mmeipata.

Na rafiki yako anabaki na nafasi. Saluni nayo msimu wake ni huohuo Desemba, hilo alilosema sio uongo, wiki mbili za mwisho wa mwaka msusi wa Moshi analala saa sita usiku. Mpe tarehe, tuseme tarehe 5 Januari. Akiwa na hela yake mkononi siku hiyo anakata mwenyewe basi, boti na tiketi, anawalipa fungu la nyumba, mnaenda watano. Asipokuwa nayo, haendi safari hii, na wewe hujaumia.

Ila mwanangu kuna kitu kwenye barua yako kimenisumbua zaidi ya hela. Mtu aliyekwama kidogo hutoa kidogo, mwezi huu elfu kumi mwezi ule elfu tano, anaomba radhi. Huyu hajatoa hata mara moja tangu Juni. Pango, drayer, halafu kimya. Nahisi saluni haiendi kabisa na anaona aibu kuwaambia nyie wenye kazi na maduka, na kila mkiposti picha za Forodhani ya Zanzibar kwenye grupu yeye anazidi kusinyaa. Naweza kuwa nimekosea lakini nenda ukaangalie kwa macho yako. Usipige simu, usiandike, na hasa usiandike kwenye grupu. Nenda Pasua siku ya katikati ya wiki asubuhi wakati hana mteja, kaa kwenye kiti akusuke hata mbili kichwa, umlipe, muongee mikono yake ikiwa na kazi ya kufanya. Mwambie "sijaja kudai, nimekuja kukuuliza biashara inaendaje", halafu nyamaza umwache aseme. Ukimaliza kumsikiliza ndo umwambie kwamba hela ya duka huwezi kuitoa, mwambie kabisa bila kuzunguka, na umwambie hiyo habari ya tarehe 5. Na mwambie hivi pia, akiona haiwezekani akwambie wewe peke yake na wewe utawaambia wenzenu kwamba safari hii hataweza, basi, bila maelezo mengine. Urafiki wa dawati moja unastahili aondoke kwenye orodha kwa heshima yake, sio kwa kutolewa kwenye grupu.

Ukishatoka kwake ndo ujibu lile swali la grupu. Sema hesabu ilivyo ya jumla, nyumba inalipwa na wanne, tarehe ya mwisho ni fulani. Usitaje jina la mtu.

Na hizo hela zitoe kwenye laini yako. Sikuhukumu, nakuhurumia, maana hela ya watu ikilala pamoja na hela ya duka siku moja unajikuta umelipa msambazaji ukidhani ni yako. M-Koba ipo kwa ajili ya vikundi kama chenu, kila mwanachama anaona kilichoingia na kilichotoka na hela haitoki mpaka waliochaguliwa waidhinishe. Daftari endelea nalo pia, lakini mzigo usiwe wako peke yako.

Mchumba wa mwenzenu jibu ni hapana, na mseme mapema. Mlikubaliana nyumba ya wadada, mwingine atataka kutoka kuoga na kanga moja aanze kuangalia nani yuko sebuleni. Kama anataka kuja aje, Zanzibar ni ya wote, akatafute chumba chake. Wajue tu kwamba kule guest nyingi za wenyeji hawapokei mwanaume na mwanamke wasio na cheti cha ndoa, wasije kukwama na mabegi saa nne usiku.

Haya tuje kwenye safari yenyewe, maana nimefurahi kwamba mnaenda. Sauti za Busara ilianza 2004 na mwaka 2016 haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha za kuiendesha, kwahiyo kila mwaka inapofanyika mimi naona ni kitu cha kushukuru. Kilichonifanya niipende ni kwamba muziki unapigwa laivu, hakuna msanii kuja kuchezesha midomo juu ya sidii. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa anapanda pale na umri wake ule mkubwa, anapiga ngoma na kuimba kwa sauti ambayo haikuhitaji msaada. Kwa miaka mingi jukwaa kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome ya mawe waliyojenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondoka, na ndani kuna ngazi za mawe za kukaa, juu mbingu tupu. Fikeni mapema jua likiwa linazama wakati watu bado wachache, vikundi vya mwanzoni vingi ni vya taarabu na vijana wa chuo cha muziki cha pale pale Mji Mkongwe, unakaa kwenye ngazi jiwe bado lina joto la mchana, unasikia kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, inapigwa karibu kabisa, yaani unaona vidole vya mpigaji. Saa tano usiku hapo mbele hapasogeleki na hicho hutakipata tena. Watu wengi wa bara wanafika saa nne wakitafuta jina kubwa na wanakosa kilicho bora.

Kabla hamjalipa hiyo nusu ya nyumba lakini, thibitisheni tarehe rasmi za tamasha na kumbi za mwaka huu kwenye kurasa zao wenyewe, msiende kwa mazoea. Miaka hii Ramadhani imesogea inaangukia Februari na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwahiyo tarehe za tamasha nazo zinaangaliwa kwa makini, na Zanzibar ndani ya Ramadhani ni mji tofauti, mchana hakuna kula hadharani. Muulizeni pia mwenye nyumba iko mtaa gani. Kama ni Kikwajuni au Michenzani ni sawa kabisa, mnatembea kwa mguu mpaka Forodhani, na bei ni nafuu kuliko ndani ya Mji Mkongwe ambako Februari ni msimu wa watalii. Kama ni kule Nungwi au Paje, mwambieni asante. Fukwe ni nzuri ila mko zaidi ya saa moja kutoka kwenye muziki na usiku mtalia na teksi.

Tiketi Mtanzania analipa bei ya Mtanzania, ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Kitambulisho hichohicho, cha NIDA au leseni au cha mpiga kura, utakihitaji na kwenye boti. Mkumbushane wote usiku wa kuondoka, mtu akikiacha Moshi amekwama.

Basi sasa. Basi la alfajiri kutoka Moshi linaingia Dar jioni, na stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis mbali na mjini, ukija kufika bandarini boti ya mwisho imeondoka, kwahiyo la asubuhi maana yake ni kulala Dar na kulipa kitanda na chakula cha usiku. Kama mmoja wenu ana dada yake Kimara au Ubungo mlale kwake, sawa, ni raha na mnafika mmepumzika. Kama hamna mtu, mimi nachagua la usiku. Mabasi ya usiku yalikatazwa miaka mingi lakini sasa yanaruhusiwa, mnatoka Moshi jioni mnaamkia Mbezi. Msikate boti ya kwanza kabisa, kateni inayofuata, maana barabara ya Morogoro asubuhi haina huruma na basi likichelewa Korogwe hapo kwenye msosi mnaanza kugombana. Kutoka Mbezi mkiwa watano na mabegi chukueni gari moja mgawane, mwendokasi ya Kimara inafika mpaka Kivukoni karibu kabisa na boti lakini saa moja asubuhi na begi mgongoni hamtapanda. Tiketi ya boti nunueni dirishani au kwenye simu, wale vijana watakaowakimbilia getini na kuwaita dada dada wapiteni. Treni ya kaskazini nayo ilirudi mwishoni mwa 2019 na ni nzuri kuangalia nchi, ila haitoki kila siku, na safari hii inahitaji ratiba ya uhakika.

Bahari. Hofu yako naielewa, ukikulia mlimani maji makubwa unayaona kwenye picha. Safari yenyewe haifiki hata saa mbili na nusu, mara nyingi chini ya mbili. Mwanzo boti inatoka bandarini taratibu hutasikia kitu, katikati ya mkondo ndo inaanza kunyanyuka na kushuka hasa kaskazi ikivuma, halafu ukikaribia Unguja inatulia tena. Kaa katikati ya boti siti za chini, hapo panayumba kidogo kuliko mbele na juu. Asubuhi kunywa chai na mkate mkavu, usile chapati maharage. Nenda famasi Moshi kabla hujaondoka uombe vidonge vya kichefuchefu cha safari na umeze kabla boti haijaondoka, ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa. Angalia nje kule maji yanapokutana na mbingu, simu weka kwenye pochi. Wahudumu wanapita na mifuko, ukiihitaji itumie na hakuna atakayekushangaa, nusu ya waliomo wameshaitumia siku fulani.

Nguo, pitieni soko la mitumba la Memorial mchague madira mepesi na mitandio. Februari kule ni joto la unyevu hata usiku, na mitaani Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoswali na kulea watoto, magoti na mabega yafunikwe mnapotembea mchana. Ndani ya tamasha mtavaa mnavyopenda. Viatu viwe vya kukanyaga mawe. Jioni kuleni Forodhani kabla hamjaingia, ng'ambo ya barabara tu, ulizeni bei kabla hajakata pweza, na urojo uleni kwa anayeuza wenyeji, foleni yake mtaiona.

Kurudi msipange Jumapili usiku, siku ya mwisho muziki unavuka saa sita. Rudini Jumatatu boti ya asubuhi, saa tano mko Dar na basi lenu ni la jioni. Hayo masaa ya katikati wenzako watataka kulala mahali, wewe nenda Kariakoo na hela yako ya mzigo wa Machi, uchague mwenyewe kwa utulivu, upakie kwenye basi hilohilo. Nauli ya kwenda Dar kuchukua mzigo utakuwa umeshailipa tayari.